Msiniambie Ilikuwa Bahati Mbaya

Kila ninapoulizwa kwa nini nilibadilisha mada ya tasnifu katikati ya kazi, nikajibu kwamba rekodi zangu ziliteketea Goma usiku wa tarehe 22 Mei 2021, muulizaji hunipa pole na kuongeza: "Ilikuwa bahati mbaya." Wanafunzi wenzangu husema hivyo. Walimu husema hivyo. Msimamizi wangu wa kwanza aliandika hivyo hivyo katika barua ya kuniombea muda zaidi, na barua ikakubaliwa. Nilifaidika na maneno hayo, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuyakataa. Haikuwa bahati mbaya. Ulikuwa uzembe, wangu na wa idara iliyonituma nyanjani, na uzembe huo bado unaendelea katika nyumba za wengi mnaosoma makala hii.

Nyumbani kwetu kulikuwa Buhene, kaskazini mwa mji, nyumba ya mbao juu ya makoro kama zilivyo nyumba nyingi za huko. Sebuleni palikuwa na kompyuta ya mezani ambayo papa aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Ilikuwa kompyuta ya wote. Papa aliweka humo hesabu za duka na picha za hati ya kiwanja. Yaya wangu aliweka picha za harusi yake. Wadogo zangu waliweka filamu na michezo. Nami niliweka saa 23 za sauti za wazee.

Wazee hao walikuwa 14. Niliwaomba jambo moja tu: wanisimulie walivyoukimbia mlima Nyiragongo mwaka 1977, au mwaka 2002, au mara zote mbili. Nilitaka maneno yao. Vitabu vyetu hutufundisha kwamba mawe yaliyoyeyuka yatokayo katika volkano huitwa zaha, na neno hilo ni zuri, nimelijibia mitihani. Lakini katika saa zote 23 hakuna hata mmoja aliyelitaja. Kilichoteremka mlimani kilikuwa moto. Kilipopoa kikawa makoro. Moto "ulitembea", moto "uliingia kwa fulani", moto "ulikata barabara", kama mtu mwenye nia yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki alinisimulia kwa saa mbili na nusu jinsi alivyorudi mwaka 2002 kutafuta mahali nyumba yake ilipokuwa, akitembea juu ya makoro yaliyokuwa bado yanayeyusha soli za viatu. Alikuwa na namna yake ya kunyamaza kabla ya kutaja jina la mtu. Siwezi kuwaonyesha namna hiyo hapa, na siwezi kuionyesha popote pengine.

Jioni ile ya Jumamosi mbingu ikawa nyekundu. Wanaotoka Goma hawahitaji maelezo, na wasiotoka huko wameona picha. Mama alibeba mtoto na godoro. Papa alichukua bahasha ya vyeti. Mimi nilichukua simu, chaja na viatu. Tukatembea na umati kuelekea mpaka wa Rwanda, tukalala Gisenyi barazani kwa watu tusiowajua, nao walitupokea vizuri. Kulipokucha tuliambiwa kwamba moto umesimama kabla ya kuufikia uwanja wa ndege, na watu wakashukuru kwamba mji umepona. Nyumba za upande wetu hazikuhesabiwa katika mji huo uliopona.

Nakala ilikuwepo, msinisingizie kwamba sikuwa nayo. Papa alikuwa amenunua diski ya nje, nami niliijaza kwa bidii, kisha nikaiweka katika droo ya meza ile ile iliyobeba kompyuta. Kati ya kompyuta na nakala yake palikuwa na ubao mmoja. Tena mara ya mwisho nilinakili mwezi wa Novemba, kwa hiyo hata kama ningeikumbuka diski wakati wa kukimbia, rekodi sita za mwisho hazikuwamo. Na simu niliyoiokoa haikuwa na kitu. Ilikuwa simu ya GB 16 iliyojaa kila wiki. Kila nilipohamishia rekodi kwenye kompyuta nilizifuta kwenye simu ili nipate nafasi ya mzee anayefuata.

Kilichobaki katika saa 23 ni dakika 11. Mzee mmoja alisimulia jinsi jirani yake alivyokimbia mwaka 1977 akiwa amebeba mlango wa nyumba, mlango peke yake, na hakuutua hata alipoombwa na mkewe. Nilimtumia binamu yangu wa Bukavu kipande hicho kwa WhatsApp ili acheke. Hivyo kazi ya miezi minane iliokolewa na mzaha, kwa kiasi kile ilichookolewa.

Mwezi wa Agosti mama yule muuza samaki alifariki. Nilikwenda matangani. Binti yake alinivuta pembeni, akaniuliza kama ningeweza kumpa sauti ya mama yake, maana walikuwa na picha mbili tu, na sauti hawakuwa nayo kabisa. Nikamweleza habari ya moto. Yeye mwenyewe alikuwa amepoteza nyumba usiku ule, kwa hiyo nilitumaini angenielewa upesi kuliko wote. Alinitazama, akasema: "Lakini ulisema utaitunza." Kweli nilisema. Nilisoma mbele yake, kwa sauti, ile karatasi ya idhini niliyopewa na idara, yenye sentensi inayoahidi kwamba rekodi zitatunzwa salama. Mama yake hakujua kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kidole. Binti hakusema bahati mbaya. Hakuongeza neno lolote, akarudi jikoni kwa wenzake.

Tulitazame basi neno lenyewe, kwa kuwa sisi ni watu wa maneno. Bahati mbaya ni jambo linalomfika mtu bila yeye kuwa na sababu ya kulitazamia. Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977. Ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji hadi ziwani. Kama kuna mtu katika Goma nzima asiyeweza kudai kwamba hakujua, ni mimi. Nilikusanya ushahidi wa watu 14 kwamba mlima huu huchukua nyumba, kisha nikauhifadhi ushahidi huo katika nyumba iliyo chini ya mlima huo, na nakala nikaiweka kwenye droo. Sikuliona kosa hilo kwa sababu nilidhani kazi yangu ni kurekodi, kunukuu na kuchambua. Kutunza niliona ni shughuli ya mafundi.

Tena volkano inanipendelea. Inanipa kisingizio chenye heshima. Wenzangu waliopoteza kazi bila msaada wa mlima hawaandikiwi barua, huchekwa. Ninamfahamu aliyepeleka flashi kwenye duka la kuchapa lililo karibu na lango la chuo, ikarudi na kirusi kile kinachoficha folda zote na kuacha vialama visivyofungua kitu. Alipoichomeka nyumbani, kompyuta nayo ikaambukizwa. Ninamfahamu ambaye mdogo wake alifuta kila kitu na kuweka Windows upya ili mchezo wa mpira uende vizuri. Yupo aliyeibiwa begi ndani ya basi, kompyuta na diski ya nje zikiwa zimekaa pamoja humo kama bwana na bibi harusi. Wengine hawakuhitaji mwizi wala kirusi, umeme ulirudi kwa nguvu tu. Na hata pasipotokea lolote, diski yenyewe huchoka. Zile za kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, mwaka baada ya mwaka, katika vumbi letu na kwa umeme wetu, na siku moja husimama. Anayeishangaa siku hiyo angeweza pia kumshangaa mtu anayezeeka.

Tangu wakati huo nimewauliza wenzangu wengi, na karibu kila mmoja huniambia kwamba ana nakala. Nikiuliza iko wapi, ndipo maneno hupungua. Wapo wasiotofautisha kuhamisha na kunakili. Wanahamisha rekodi kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta, wanafuta za kwenye simu, wanalala wakiwa na amani. Baada ya hapo wana rekodi moja kama mwanzo, ila imebadilisha makazi. Neno la darasani ni nakala rudufu, nyumbani tunasema kopi, na maneno yote mawili yanadai viwepo viwili. Ukifuta cha kwanza, hujarudufu kitu.

Wengi siku hizi hunijibu, tena kwa kunihurumia, kwamba mambo ya diski yamepitwa na wakati: "Yangu iko kwenye wingu." Neno hili wingu linatudanganya kwa sababu wingu halina ukuta wala mlango. Lile la kompyuta linavyo vyote viwili. Ni mashine za watu wengine zilizopangwa ndani ya jengo, na jengo huungua. Tarehe 10 Machi 2021, wiki kumi na siku chache kabla ya usiku wetu wa Buhene, jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wapo wateja waliopoteza kila walichokuwa nacho kwa sababu nakala zao zilikuwa katika eneo lile lile. Kumbe na Ufaransa nako watu huweka nakala kwenye droo ya meza ile ile! Niliposoma habari hiyo, miezi mingi baadaye, nilipata faraja ambayo si ya Kikristo sana.

Lakini moto wa Strasbourg ni jambo la nadra, na sitaki kuwatisha watu kwa nadra. Tatizo la kila siku ni jingine. Huduma nyingi za wingu tunazozitumia hazikuwekei nakala; hukuwekea kioo. Unachofanya nyumbani nazo zinakifanya. Ukifuta faili kwenye kompyuta, kule nayo inafutika. Google Drive hukaa nayo kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha huitupa. Mdogo wako akifungua sura yako ya tatu, akaandika humo barua ya kuomba kazi na kuihifadhi kwa jina lile lile, wingu litaipokea barua ile kwa uaminifu wote. Kioo kinafaa, mimi mwenyewe ninacho, ila anayejitazama ndani yake asidhani kwamba amepata pacha.

Halafu kuna suala la mara kwa mara, ambalo ndilo lililoniumiza mimi zaidi ya droo. Kunakili hakufanani na kununua kabati, ukanunua mara moja ukamaliza. Kunafanana na kuchota maji: yale ya juzi hayapo, na leo dumu ni lile lile na safari ni ile ile. Nakala yangu ya Novemba haikujua lolote kuhusu Desemba, wala Januari, wala kuhusu mama muuza samaki, ambaye nilimrekodi mwezi wa Machi. Yeye alikuwa miongoni mwa wale sita. Ningeiokoa diski ile, bado binti yake angeondoka mikono mitupu.

Wala haitoshi kunakili bila kufungua ulichonakili. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ya Marekani ilipokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyotolewa kimakosa ilianza kufuta faili za filamu hiyo. Wakazikimbilia nakala zao, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo. Filamu iliokolewa na mfanyakazi wao mmoja, Galyn Susman, ambaye alikuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ndiyo iliyokuwa na nakala. Kampuni yenye mafundi wa kila namna iliponea sebuleni kwa mama mzazi. Ninaipenda habari hii, na ninawasimulia wale wanaoniambia kwamba kompyuta ya nyumbani ni ya kuchezea.

Najua jibu linalokuja. Sisi si Pixar, megabaiti ni ghali, umeme hauaminiki. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu, kwa hiyo nimeifanyia hesabu. Mwalimu wetu wa fonetiki alitukataza kubana sauti, na alikuwa sahihi, basi nilirekodi bila kubana: saa moja ya sauti ya namna hiyo, kwa kinasa kimoja, ni kama MB 318. Saa zangu 23 zilikuwa GB 7.3. Kwa intaneti ya megabiti 1 kwa sekunde, kuzipandisha zote kwenye wingu kungechukua zaidi ya saa 16 mfululizo, na nani ana saa 16 mfululizo za umeme na intaneti? Hapo wenye hoja wameshinda. Lakini zikibanwa kwa kiwango kinachotosha kusikiliza na kunukuu, saa moja inakuwa kama MB 29, na zote 23 zinafika MB 660 au zaidi kidogo. Hizo zinapanda kwa saa moja na nusu, na zinaingia mara nyingi katika zile GB 15 ambazo Google hutoa bila malipo. Zile nzito zisizobanwa zinatosha katika flashi moja ya GB 16. Nimewahi kununua flashi hiyo na nimewahi kulipia kujalidi tasnifu, na kujalidi ndiko kulikoniuma mfukoni. Hatukosi fedha ya nakala. Tunaiweka kwenye jalada.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeeneza kanuni ambayo watu wa kompyuta huitaja kwa tarakimu, tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Sina ugomvi na tatu wala mbili. Ninachotaka tukibishanie ni hiyo moja, kwa sababu "mbali" ya kila mtu hutegemea anaishi chini ya nini. Anayeogopa mwizi, nyumba ya jirani inamtosha. Kwa mtu wa Goma, nyumba ya shangazi mtaa wa pili si mbali. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe, na mashangazi wote wakajikuta barabarani pamoja nasi, wengine wakielekea Sake, wengine Rwanda. Kwetu sisi mbali ni Bukavu, mwisho wa pili wa ziwa.

Kwa hiyo nyumbani kwetu sasa, nyumba ya kupanga na kompyuta ndogo iliyochakaa, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya kopi. Mwenye kazi hiyo ni mdogo wangu wa kike, kwa kuwa mimi nimeonyesha kwamba siaminiki. Anachomeka diski ya nje, ananakili vyote vilivyoongezeka, anafungua faili moja yoyote ili asikie kama inasema, kisha anaichomoa. Kuichomoa ni lazima. Diski inayoachwa imechomekwa hupata kirusi kile kile na radi ile ile pamoja na kompyuta. Kazi yote haizidi nusu saa, na muda mwingi ni wa kusubiri. Baada ya hapo flashi moja inatiwa kwenye bahasha na kupewa mama mmoja mfanyabiashara anayevuka kwa boti, naye anairudisha ile ya mwezi uliopita kutoka kwa binamu. Zipo mbili na hupishana ziwani. Papa alicheka sana mara ya kwanza, akauliza kama tunapeleka dhahabu. Mwezi wa tatu alikuja mwenyewe na daftari la duka, akataka hesabu zake nazo zipande boti.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu alinisikiliza haya yote akatikisa kichwa. Aliniambia kwamba nimekuwa mtumwa wa mashine. Kiswahili kimeishi karne nyingi bila diski, simulizi hukaa vichwani mwa watu, na kama wazee wangu 14 walisimulia mara moja wangeweza kusimulia tena. Watatu kati yao hawawezi tena, lakini tuliache hilo. Nina jibu kutoka katika somo analolifundisha yeye mwenyewe. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hayakutufikia kwa vichwa peke yake. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa watu waliokuwa bado wakiyakumbuka, yakapita mikononi mwa W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni. Vichwa vilikuwa vimeanza kufa. Kalamu ilivikuta njiani. Na hapa kwetu Congo, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji ule kama watumishi wa nyumbani wa Wazungu walivyoijua. Haikuwa na mchapishaji. Ilipigwa taipu na kutolewa nakala, na kwa kuwa nakala zilitawanyika, Johannes Fabian aliweza kuichapisha mwaka 1990, nasi leo tunaisoma darasani. Kichwa cha mtu ni nakala moja. Kizuri, cha ajabu, lakini kimoja.

Yupo pia aliyenipa hoja nzito zaidi ya hiyo, nami sikuwa nimeifikiria. Aliniuliza: sauti za watu waliokuamini zikisafiri kwa bahasha ndani ya boti, hujavunja amana kwa njia nyingine? Ni kweli. Katika eneo letu mzee anaweza kusema jina ambalo halipaswi kufika masikioni mwa kila mtu. Tangu aliponiuliza, flashi zetu zimefungwa kwa nywila, na wazee ninaowarekodi sasa huwaeleza kwanza kwamba sauti yao itakaa mahali patatu na nawatajia mahali hapo. Mmoja alikataa Bukavu. Ya kwake haivuki.

Sasa naigeukia idara, maana uzembe wangu niliufanya nikiwa chini ya uangalizi. Siku ya kuwasilisha tasnifu idara yetu inadai nakala tatu zilizojalidiwa. Inasema upana wa pambizo. Inasema rangi ya jalada na rangi ya herufi za mgongoni. Nimemwona mwanafunzi akirudishwa nyumbani kwa sababu herufi zilikuwa nyeupe, si za dhahabu. Nakala tatu, angalieni! Idara inajua vizuri kwamba kitu cha thamani kinahitaji nakala tatu, na inajua ziwekwe sehemu mbalimbali: moja maktaba, moja idarani, moja kwa mwanafunzi. Lakini nakala hizo tatu ni za maoni yangu mimi kijana kuhusu maneno ya wazee. Maneno yenyewe ya wazee hayadaiwi hata nakala moja. Mtahini akitaka kusikia kama mama yule kweli alisema nilichomnukuu, hana pa kwenda. Huninukuu mimi nikimnukuu mtu asiyesikika.

Wala sidai chumba chenye viyoyozi. Ninadai kwamba barua ya kwenda nyanjani isitiwe sahihi mpaka mwanafunzi ameandika nakala zake zitakaa wapi. Ninadai kwamba msimamizi anayeuliza kila mwezi, "Umefika sura ya ngapi?" aulize pia, "Umenakili lini?" na aombe kusikia dakika moja kutoka kwenye nakala, si kutoka kwenye kompyuta. Na kwa kuwa mkusanyo huu unasomwa na idara za nchi kadhaa, ninapendekeza jambo ambalo serikali zetu hazihitaji kulitilia sahihi: tuwekeane. Rekodi za Goma zikae Kampala, za Kampala zikae Bujumbura, za Bujumbura zikae Lubumbashi, za Lubumbashi zije kwetu tukiwa tumeshaonyesha kwamba tunajua kutunza. Hazitajaza kabati.

Karatasi ya idhini ya idara yetu haijabadilika tangu mwaka ule. Ina kurasa mbili, na sentensi ile ya kutunza bado imo. Chini ya ukurasa wa pili, baada ya mahali pa sahihi au kidole, pana nafasi tupu inayotosha mistari minane. Nimempelekea mkuu wa idara karatasi hiyo pamoja na makala hii, na nimeongeza mistari mitatu kwa mkono: nakala ya kwanza itakaa wapi, ya pili itakaa wapi, ya tatu itakaa wapi na kwa nani. Mitano iliyobaki nimeiacha kwa ajili ya tarehe.